Manowari ya Mninga

Katika miaka ile baada ya vita vya Maji Maji, Mjerumani akiwa amejikalia bomani na sisi tukijifunza upya kushiba, mimi nilikuwa nikizunguka Songea kuwauliza watu shati la baharia lina vifungo vingapi. Wengine walidhani nimerukwa na akili. Wengine, wale waliojiona wajanja zaidi, walidhani napanga kutoroka. Kutoka kwetu hadi baharini ni mwendo wa kumaliza nyayo, na Mngoni anayeulizia habari za meli kila baraza lazima atiliwe shaka.

Sikuwa natoroka. Nilikuwa nachonga manowari, yaani meli ya vita ya Wajerumani, ndogo ya kukaa juu ya meza, na nilitaka iwe ya kweli. Mimi ni seremala, na tangu ujana wangu sina subira na kitu cha kukisia. Mtu akinionyesha urefu wa mlango wake kwa kutanua mikono huku anacheka, namrudisha nyumbani akapime.

Sababu ya manowari ilikuwa kaka yangu. Vita vilipokwisha na wakubwa wetu wakanyongwa pale bomani, yeye alikuwa kati ya waliofungwa minyororo na kupelekwa pwani. Baadhi yao walirudi baadaye, wamekonda, hawapendi kusema. Walichotuambia ni kwamba pale Kilwa kaka aliingizwa katika manowari pamoja na wafungwa wengine wachache, manowari ikaondoka, basi. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Kwetu mtu haliliwi hivi hivi tu. Ukimlilia mtu ambaye hujui alipolala, unamwitia kifo, na akifa huko aliko damu yake iko juu yako. Kwa hiyo mama hakulia. Hakunyoa nywele. Na kwa kuwa mama hakunyoa, shemeji yangu, mke wa kaka, naye hakuweza kunyoa. Akawa hana mume na si mjane. Alikuwa bado kijana, mrefu, mwenye ulimi mkali, na kila msimu uliopita nilimwona anazidi kunyamaza. Kulikuwa na mtu mmoja wa upande wa Matogoro, mkulima mpole aliyefiwa na mkewe wakati wa njaa, aliyekuwa tayari kumwoa. Alileta salamu kwa heshima, akaambiwa angoje. Wazee wa ukoo walisema neno moja tu: mpaka mama mkwe wake anyoe.

Kwa desturi mimi ndiye ningemrithi. Lakini shemeji alikuja kwetu nikiwa bado nachunga mbuzi, akanifuta kamasi kwa kanga yake, na hata nilipokuwa na mke na tezo langu mwenyewe aliendelea kunicheka. Mwanamke aliyekufuta kamasi huwezi kumrithi. Nilichotaka ni awe huru, na nilikuwa na hasira kwamba hakuna anayemfungua.

Siku moja nilimkabili mama, Mau kama tulivyomwita, nikamwambia kaka hatarudi. Alikuwa anapeta ulezi, hakuinua hata macho.

"Umemwona alipolala?" akaniuliza.

"Sikumwona, Mau. Alichukuliwa na manowari."

"Manowari ndiyo nini? Maji ninayoyajua mimi ni Ruvuma, na mtumbwi ukivuka Ruvuma unauona mpaka ufike ng'ambo. Mnaniambia kitu kilibeba watu kikapotea nao juu ya maji, na mnataka nimzike mwanangu kwa neno hilo? Nionyeshe kitu hicho. Nikikiona, nikakiamini, tutazungumza."

Ndivyo nilivyoanza.

Gogo la mninga nilipata kwa urahisi. Habari ndizo zilizokuwa za shida. Songea ilijaa watu waliowahi kufika pwani, wapagazi, askari, wachuuzi, na kila mmoja alikuwa na manowari yake. Mpagazi mmoja aliniambia ina milingoti mingi kama msitu wa Matogoro. Askari mmoja, aliyejivuna sana kwa kuwa aliwahi kusimama gati moja na mabaharia, aliapa kwamba mashati yao yana vifungo vya shaba kutoka kooni hadi kiunoni, akanihesabia kwa kidole kwenye kifua chake mwenyewe. Niligundua nahitaji njia ya kuwapima. Milango ya boma ilitengenezwa na sisi maseremala, na kila mtu mjini aliipita. Basi kabla ya kuuliza habari za bahari nilikuwa namuuliza mtu: lango la boma linafungukia ndani au nje? Aliyekosea hilo, jambo analolipita kila siku, nilimshukuru na kumwacha aende na bahari yake. Yule askari aliyekuwa akilala ndani ya boma kila usiku alikosea. Nilicheka njia nzima.

Aliyenisaidia kweli ni bruda wa karakana ya misheni, nilikofanya kazi. Alikuwa Mjerumani mzee kidogo, mnene, mwenye Kiswahili cha kuokota. Alikuja baada ya vita, wakati misheni iliyochomwa ilipokuwa inajengwa upya. Siku aliponikuta nachonga milingoti ya mianzi aliinama juu ya meza yangu.

"Hii nini? Meli?"

"Manowari, bruda."

"Hii hapana manowari. Hii nungunungu."

Akaketi. Akaniambia manowari za zamani kidogo, zile zilizokuwa zinakuja huku kwetu, zina milingoti mitatu na bomba la moshi katikati. Upepo ukiwapo wanatweka matanga, upepo ukifa wanawasha moto. Akanionyesha jinsi boriti za matanga zinavyolala kukingama na mlingoti, ndefu chini, fupi juu. Siku ya pili akaleta picha. Ilikuwa ya mtoto wa dada yake, kijana mwenye masikio makubwa, amevaa sare ya baharia.

"Vifungo viko wapi?" nikamuuliza, maana nilitafuta sikuona.

"Hapana vifungo! Hii nguo navaa kwa kichwa. Namna hii." Akanyanyua mikono juu, tumbo lake likatokeza, akajifanya anajivika shati. Vijana wa karakana waliangua kicheko, naye akacheka nao.

Nilijifunza sare ile mpaka ikawa inanijia usingizini. Kola pana ya buluu inayoangukia mgongoni, yenye mistari myeupe. Kitambaa cheusi kilichofungwa fundo kifuani. Kofia ya mviringo isiyo na ukingo wa kukinga jua, yenye utepe ambao ncha zake mbili zinaning'inia nyuma. Mimi nilizitia mbele, kwa sababu sikuona maana ya mtu kuvaa pambo asiloliona mwenyewe. Bruda alinirudisha: "Wewe iko kosa. Nyuma, nyuma!" Mashati nilishona kwa marekani, kola kwa kaniki, na mistari myeupe mke wangu alinitolea uzi mmoja mmoja, akinilaani.

Sitaficha kwamba nilizichukia nguo zile. Waliozivaa ndio walioshuka pwani na bunduki zao, ndio waliomtia kaka yangu katika tumbo la meli. Kuna siku nilimchonga baharia mwenye uso wa nguruwe, nikafurahi mpaka jioni. Asubuhi nilimtazama, nikamtupa motoni. Mama alitaka kuona kilichomchukua mwanawe, na mwanawe hakuchukuliwa na nguruwe. Nilianza upya, nikampa masikio makubwa.

Bruda aliniuliza manowari ni ya nani. Nilimwambia. Alikuwa ameshika ile picha, akaitazama, akaitia mfukoni polepole. Kesho yake nilikuta juu ya meza yangu msumeno wake mdogo kuliko yote, ule ambao hakuwa akimwazima mtu, na tangu hapo nilimpenda yule mzee na sikuona aibu kumpenda.

Ilipokamilika niliibeba kwa mikono miwili mpaka kwa mama. Mninga uliopigwa msasa wa majani, milingoti mitatu, matanga ya marekani, kamba za katani, bomba, mizinga, mabaharia waliosimama, na nyuma wafungwa walioketi kwa safu, wadogo kama njugu. Majirani walijaa uani. Watu walinisifu, nami nilisimama hapo nikijifanya sisikii.

Mama aliizunguka. Aliinama. Aligusa tanga kwa ncha ya kidole. Alitazama sana mabaharia, kisha wafungwa. Nilimwona anaanza kuamini, nikamwangalia shemeji, naye alikuwa ameshika ukuta.

"Na hapa wanapika wapi?" mama akauliza.

Niliinama kutazama kazi yangu, kana kwamba jiko lingejitokeza lenyewe.

"Mnasema walikwenda siku nyingi. Babu zetu walitembea kutoka kusini mpaka hapa, na kila walipolala waliacha mafiga. Watu waliowafuata nyuma wafungwa wetu njia ya Kilwa walijua wamelala wapi kwa mafiga. Safari ni mafiga. Hapa mafiga yako wapi? Umenichongea kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kula ndani yake."

Mimi ni mtu wa hasira, nimekwisha sema. Niliokota vijiwe vitatu pale uani, nikavipanga juu ya sitaha, kati ya mlingoti wa mbele na bomba, kwa vishindo.

"Haya! Mafiga ndiyo hayo!"

Mama alivitazama, akanitazama mimi kwa huruma. "Moto wa kuni, juu ya mbao, chini ya nguo hizi zote? Mwanangu, ungewaunguza wote hata kabla hawajaondoka."

Shemeji alicheka. Kilimtoka tu, kicheko kikubwa cha zamani, kisha akaziba mdomo na kuingia ndani. Majirani waliondoka mmoja mmoja. Mama akarudi kwenye ulezi wake, na nywele zake zilibaki kichwani.

Niliuliza tena mji mzima. Hakuna aliyejua jiko la manowari. Bruda alijua la meli ya abiria iliyomleta, lakini manowari alizitazama kwa mbali tu, na ninamsifu kwamba alikataa kukisia. Nilikuwa nimekata tamaa, nimeketi nje nikichokoa udongo kwa kijiti, shemeji aliponijia na kibuyu cha togwa.

"Mlamu," akaniambia, kama mashemeji wanavyoitana kwetu, "wote unaowauliza walisimama ufukweni wakaangalia. Mtafute aliyetia mguu ndani. Mtu hawezi kujua jiko la nyumba aliyoipita njiani."

Nikaona aibu kwamba sikulifikiria hilo mwenyewe. Kuanzia siku ile sikuuliza tena manowari ikoje. Niliuliza ni nani aliyewahi kufanya kazi ndani yake. Mchuuzi mmoja Myao aliyekuwa akileta chumvi na nguo pale panapoitwa Majengo siku hizi alifikiri kidogo, akasema kwao Tunduru yuko mtu aliyekuwa msaidizi wa jikoni katika meli za Wajerumani, karudi, anajilimia.

Nilikwenda Tunduru kwa miguu. Nilimkuta mtu wa makamo, ametoka kuswali, anamwagilia miche ya mikorosho aliyoiotesha kwa mbegu za pwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mgeni, karibu kivulini."

Nilimweleza kwamba nataka kujua jiko la manowari likoje. Alinawa mikono, akanijibu kwa swali: "La mabaharia au la mabwana wakubwa?"

Niliketi chini papo hapo, bila kukaribishwa mara ya pili.

Alinieleza kila kitu. Jiko la mabaharia liko chini ya sitaha, nyuma kidogo ya mlingoti wa mbele; ni la chuma, limefungwa sakafuni ili lisitembee, na juu yake kuna vyuma vya kuzuia masufuria yasiteleze mawimbi yakija. Lina bomba lake jembamba, mbali na lile kubwa. Yeye alikuwa akichochea makaa na kumenya viazi, na ndiye aliyepeleka chakula cha wafungwa kwa ndoo.

Nilimwuliza kama aliwahi kupelekea chakula Wangoni.

"Mara moja. Kutoka Kilwa, baada ya vita. Wachache. Kulikuwa na mmoja, hana ukucha katika gumba lake la kushoto, alikuwa hagusi chakula mpaka aone mdogo wao amekula. Nilikuwa nagombana naye kila siku. Namwambia, kula wewe, ndoo ina cha wote. Hataki."

Ukucha ule kaka aliung'oa kwa shoka akipasua kuni. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia kuni.

Mzee aliniona uso, akaacha kusema. Aliniletea maji. Kisha akanieleza mengine taratibu, kwa sauti ya mtu anayembeba mgonjwa. Kaka alishikwa na homa na kuhara. Alikufa asubuhi, bahari imetulia. Walimfunga katika tanga kuukuu, wakamtia chuma miguuni, wakamshusha majini. Kati ya mabaharia waliomshusha, kijana mmoja alivua kofia, wengine wakamwona, wakavua.

"Na mimi nilimsomea nilichokijua," mzee alisema. "Hakuwa Mwislamu, najua. Lakini ndicho nilichokuwa nacho, na sikuweza kumwachia maji hivi hivi."

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Nilipomaliza nilimwambia kwamba kwetu habari ya kifo huletwa na kinywa cha aliyeona, na mama hataipokea kwangu. Sikuwa na cha kumpa. Alimwita mkewe, akamwachia kazi ya kumwagilia miche, akachukua bakora yake.

Tulifika Songea mchana. Mama alimwandalia mgeni chakula kwanza, akamngoja ale mpaka aseme alhamdulillahi, hakuuliza neno. Ndipo nikaileta manowari. Chakula kilipokuwa kinapikwa, nilikuwa nimeinua ubao wa sitaha na kutia jiko nililolikunja kwa bati la kopo la misheni, na vyuma vyake vya kuzuia masufuria. Mzee alichungulia. Akalisogeza kidogo upande wa kushoto. Akavitoa vile vijiwe vitatu, vilivyokuwa bado pale juu, akavitazama, akavitia mkononi mwangu bila kucheka.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Alipikiwa hapo?" mama akauliza.

"Hapo, mama. Kwa mikono hii."

"Siku aliyokufa, alikula?"

Mwenyewe alikuwa amelitamka neno hilo, alikufa. Sote tulilisikia.

"Uji kidogo. Nilimnywesha mimi, nimemwinua kichwa."

"Na alilala wapi?"

Mzee aliweka kidole ukingoni mwa meli, upande wa kulia, karibu na mlingoti wa nyuma. Akaeleza tanga, na chuma, na yule kijana aliyevua kofia, na dua. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kidole chake pale pale mzee alipokuwa ameweka chake, akakiacha hapo. Nilidhani hatakiondoa tena.

"Ahsante kwa kumnywesha uji," akamwambia.

Alifungua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi, ndefu, hatukuwa tukijua. Akamwita shemeji alete wembe na maji. Shemeji alileta, akamkabidhi shangazi yangu, naye akamnyoa mama. Kisha mama akauchukua wembe yeye mwenyewe, akamwambia shemeji aketi mbele yake, akamnyoa kwa utaratibu, akikishika kile kichwa kwa kiganja. Nywele za kwanza zilipoanguka, shemeji alilia. Alilia kilio cha miaka yote ile, na uani kukajibu, na nyumba za jirani zikajibu.

Mambo mengine yalikwenda kama desturi inavyotaka. Msiba ulikaliwa, ukaondolewa. Misheni waliiomba manowari wakaiweke mahali watu waione. Mama alikataa bila kueleza, na sikumwuliza. Yule mtu wa Matogoro alirudi na wazee wake, amevaa kanzu ya kuazima.

Wazee wetu waliketi, wakaanza kusema kwamba sisi, ukoo wa marehemu, tunamwachia mjane wetu aende. Mama aliingia katikati ya baraza la wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, na kichwa chake kikiwa bado kimeota vinywele vifupi.

"Futeni maneno hayo," akasema. "Hakuna mjane anayeachiwa hapa. Huyu ni binti yangu, na leo ninamwoza."

Hakuna mzee aliyembishia. Mama mwenyewe alimtoa ndani kwa mkono, kama mama anavyomtoa bibi harusi. Mlangoni shemeji alisita, akamshika mama mabegani.

"Mau, nitakuachaje peke yako?"

"Nenda," mama akamwambia. "Matogoro ninaijua njia yake. Sasa najua watoto wangu wote waliko."